Mstari wa Penseli Kisiginoni

Mbao ya muringa ukiibana dhidi ya msasa unaozunguka kwa kasi, haitoi tena harufu ya mbao. Inanuka kama mahindi ya kuchoma yaliyosahauliwa kwenye makaa na, kwa mbali, kama mzinga uliofukizwa moshi asubuhi hiyo hiyo. Juma lililopita nilikuwa na kazi ndogo ya kufanya, ambayo nitaisema mbele, na harufu hiyo iliponiingia puani nilizima mashine nikaketi chini kwenye vumbi. Mtu mzima, mwenye cheti cha kidato cha nne, tena alichokipata shule ya jioni huku watoto wake wakimsahihishia hesabu, aliketi akashika kisigino chake cha kulia kama aliyeumwa na siafu. Nilikuwa natafuta mstari wa penseli. Ulifutika zamani sana, lakini kisigino hakijasahau.

Nilizaliwa mguu wangu wa kushoto ukiwa mfupi kuliko wa kulia. Tofauti ilikuwa vidole viwili vya Baba, na vidole vya Baba havikuwa vya mchezo. Kimoja tu kingeziba chupa ya soda. Baba alikuwa fundi mbao pale Kiritiri, kibanda chake kati ya wauza ndengu na uwanja wa mbuzi, na sifa yake kubwa ilikuwa stuli. Nasema bila aibu kwamba kutoka pale hadi Embu mjini hakuna makalio ya maana ambayo hayajawahi kukalia stuli ya Baba. Siri yake ilikuwa slabu ya saruji mlangoni, aliyoilaza mwenyewe kwa pima maji, ikawa tambarare hivi kwamba ukimwaga maji juu yake yalibaki yamesimama yakijiuliza yaende wapi. Stuli ikiisha aliiweka pale na kuigusa kwa kidole kimoja. Ikicheza, aliinama akatafuta mguu uliozidi, akauchora mstari wa penseli karibu na chini, na chochote kilichokuwa chini ya mstari kikaondoka.

Mteja mwenye haraka angemwambia, "Fundi, si uweke tu kibanzi chini ya huo mfupi? Mimi nasafiri."

"Kibanzi kitatoka kabla ufike kwako. Mguu mfupi hauna kosa, mzee. Mwenye kosa ni huu mrefu."

Maneno hayo niliyasikia mara nyingi kuliko Baba Yetu. Sijui stuli ya Baba iliyocheza, isipokuwa ile ya Mama. Hiyo aliitengeneza walipooana, akapunguza mguu huu, akapunguza ule, akarudia, mpaka Mama akawa anamenya viazi magoti yakiwa usawa wa masikio. Mama alikataa kubadilishiwa. Alisema aliitunza kama ushahidi.

Basi hapo ndipo nilipolelewa, mtoto mwenye mguu mmoja uliozidi, katika nyumba ya mtu anayechukia miguu iliyozidi.

Msinifikirie vibaya, Baba alinipenda. Kama ilivyo desturi yetu nilipewa jina la mama yake, Wanja, kwa hiyo hakuniita kwa jina hilo hata siku moja. Aliniita "mama", na akiwa na wageni aliwaambia, "Huyu ndiye aliyenizaa, ongeeni na yeye vizuri." Hospitalini walituambia kiatu cha kuinuliwa kinaweza kuagizwa, lakini kinatoka mbali, na mtoto hukua upesi kuliko barua. Baba akasema kiatu ni mbao na ngozi tu, na mbao yuko nayo. Akachonga kiatu cha kwanza kwa randa na tupa, kwa jicho. Kikainama ndani, nikaanguka nikachubuka magoti. Cha pili kikainama nje. Cha tatu, naapa, kilikuwa kikinizungusha: nikitoka nyumbani kwenda shuleni najikuta nyuma ya machinjio, mbwa wananitazama kwa huruma. Baba alikirusha hicho cha tatu juu ya paa akasema kwa uchungu, "Kuongeza kwa mkono kumenishinda." Mimi, niliyekuwa nimesimama hapo, niliyashika maneno hayo nikaenda nayo.

Kilichonitia hamu kubwa wakati ule kilikuwa Jumapili ya Matawi. Watoto wa kanisani kwetu walikuwa wakitembea na matawi kutoka sokoni hadi mlangoni mwa kanisa, wakiimba, watu wazima wakiwa wamejipanga kandokando. Mimi kila mwaka nilibebwa kwenye keria ya baiskeli ya Baba, nimeshika tawi, nimenyamaza. Binamu yangu Njeru, aliyekuwa mkubwa wangu kidogo na mdomo wake ukiwa mkubwa wetu sote, alinipa jina. "Mzigo umefika!" alikuwa akipaza sauti baiskeli ikipita. "Shusheni mzigo pole pole, usivunjike!" Mwaka ule nilimwambia Mama kwamba ama nitembee, ama nisiende kabisa, na Mungu atanielewa. Mama akamtazama Baba. Baba akachukua pima maji.

Alinisimamisha kwenye slabu. Ndiyo, ile ile ya stuli. Akaniwekea vipande vya plybodi chini ya mguu mfupi, kimoja juu ya kingine, akanilazia pima maji kiunoni, akafumba jicho moja. Kisha akatoa penseli sikioni, akainama, na kwenye kisigino cha mguu wangu mzima, vidole viwili kutoka chini, akachora mstari.

Leo ninajua alichokuwa akifanya. Alikuwa akinakili kimo cha vile vipande ili ajue kiatu kiinuliwe kiasi gani, na mguu wangu ulikuwa karibu kuliko karatasi. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa fundi stuli. Nilijua mstari wa penseli kwenye mguu mrefu maana yake ni nini, na nilijua kinachokuwa chini ya mstari huenda wapi.

Nilimtafuta Njeru ili aniambie nimekosea. Alinitazama kisigino, akakuna kichwa kama daktari.

"Ai, Wanja. Kwani wewe huna macho? Kuongeza kumemshinda, alisema mwenyewe. Sasa si atapunguza?"

"Mtu hapunguzwi."

"Kucha hazipunguzwi? Nywele hazipunguzwi?" Akanishika bega. "Lakini usiogope. Babako ana mkono mzuri."

Nilisugua ule mstari kwa jiwe na sabuni mpaka ngozi ikawa nyekundu. Asubuhi Baba akaniita, akauchora tena huku akipiga mluzi.

Halafu akaanza kutengeneza mashine, na hapa lazima nikiri jambo la ajabu: niliogopa, na wakati huo huo sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Mota aliipata kwa kubadilishana na viti viwili. Ilitoka kwenye pampu ya maji ya mtoni iliyokula mchanga mwingi mpaka ikakataa kumeza; pampu ilikuwa imekufa lakini mota ilikuwa hai, na ilipowashwa ilinguruma kama ng'ombe dume aliyenyimwa chumvi. Fremu iliungwa na Mutwiri, mchomeleaji wa hapo jirani, mtu wa Laare, aliyetafuna miraa tangu jua lilipochomoza na akaongea tangu lilipochomoza vilevile. Alichukua vyuma vya kitanda cha zamani akaviunganisha vikawa meza yenye miguu minne.

"Fundi," alisema, akiinua kioo chake cheusi, "hiki kitanda kimelaliwa na watu miaka yote hiyo na hakijawahi kufanya kazi. Leo kimeajiriwa."

"Kaza hiyo pembe, Mutwiri. Ikitingika sitaki."

"Itingike wapi? Hii hata nyinyi watu wa Embu mkiigusa haiharibiki."

Kisahani cha kusagia Baba alikichora kwenye plybodi nene kwa msumari na kamba, akakikata. Mimi ndiye niliyeshikilia msumari. Akakifunga kwenye shafti ya mota kwa bamba la chuma na bolti nne, akawasha, na kilipokuwa kikizunguka akakisogezea patasi taratibu ukingoni. Kisahani kikajichonga chenyewe. Kilipotulia kilikuwa duara ambalo mwezi ungeliona ukaona haya. Akakifungua, akakipaka gundi usoni, akabandika msasa, akakilaza chini ya jiwe la kusagia la Cucu, nyanya yangu, kutwa nzima.

Lakini maajabu yenyewe yalikuwa kile kimeza. Mbele ya kisahani aliweka ubao wa mukau uliorandwa vizuri, upana wa sahani ya chakula, ukaning'inia kwenye bawaba mbili za mlango ili uweze kuinama na kuinuka. Kwa pembeni alifunga kipande cha chuma alichokikata kwenye kitako cha karai, kimepinda kama mwezi mchanga, na katikati yake alitoboa matundu mengi yaliyofuatana, kisha akayaunganisha kwa tupa ndogo mpaka yakawa mfereji mmoja uliopinda. Siku tatu alikata mfereji ule. Ndani yake ilipita bolti, na kwenye bolti nati yenye masikio mawili, unaikaza kwa vidole tu. Ukilegeza, kimeza kinainama hadi utakapo. Ukikaza, hata tembo akikalia hakisogei. Baba aliweka skwea, kipimo cha pembe mraba, kati ya kimeza na kisahani, akaangalia kama kuna mwanga unaopenya. Haukuwepo. Akaita watu waone.

"Mkono hudanganya," aliwaambia. "Leo asubuhi unachonga hivi, jioni umechoka unachonga vile. Hiki kikishakazwa hakina uchovu."

Mutwiri akapiga makofi. Wauza ndengu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimegundua kwamba kimeza kile kilikuwa chini sana, Baba akikitumia lazima akae. Kilikuwa kimo cha goti langu. Kilikuwa kimo kizuri kabisa cha mtoto aliyeketi kwenye stuli kuwekea mguu.

Jaribio la kwanza liliharibika. Baba aliweka kipande cha mbao upande wa kisahani unaopanda, na mashine ikakinyakua ikakirusha juu, kikatoboa mabati, na mimi naamini kikatua kwenye bwawa la Kindaruma kikaogopesha viboko. Tulibaki tunatazama tundu la jua juu ya vichwa vyetu. "Upande unaoshuka," Baba alisema, kana kwamba alikuwa akijikumbusha ahadi ya ubatizo. "Daima upande unaoshuka, ili mbao ikandamizwe kwenye kimeza." Akachukua kipande kingine cha mukau, mti mgumu unaovunja misumari, akakisogeza upande unaoshuka. Urefu wa kidole changu uliisha kabla sijameza mate. Vumbi tu. Niliangalia kisigino changu, nikaona kwamba hakitachukua muda.

Jumamosi, siku moja kabla ya Matawi, Baba aliniita kibandani. "Mama, njoo. Leta huo mguu."

Nilikuwa nimepanga kukimbilia kwa Cucu. Lakini tangu asubuhi nilikuwa nimekaa kando ya zizi la mbuzi nikifikiri, na mawazo yangu yalikuwa yameniongoza pengine. Niliona keria ya baiskeli. Nilisikia "shusheni mzigo". Kisha nikafikiri juu ya Baba: ni nani kati ya wote niliowajua ambaye mkono wake ungepita pale bila kukosea? Kama ni lazima mtu anipunguze, basi awe yeye.

Aliwasha mashine. Akageuka kutafuta kitu kwenye rundo la mbao, mgongo ukiwa kwangu. Nikaketi kwenye stuli, nikavuta pumzi, nikainua mguu wangu wa kulia nikauweka juu ya kimeza, upande unaoshuka. Upepo wa kisahani ulinipapasa unyayo. Nikapaza sauti ili anisikie juu ya mngurumo:

"Baba, niko tayari!"

Aligeuka. Sijawahi kuona mtu mnene akiruka namna ile. Hakuiendea swichi, aliupiga waya teke ukachomoka ukutani na kipande cha plasta, na kwa mkono mmoja alikuwa tayari amenibeba mimi na stuli yangu pamoja. Kisahani kiliendelea kuzunguka peke yake muda mrefu, kikipoa, kikishusha sauti, mpaka kikanyamaza.

"Ulikuwa unafanya nini?" Sauti yake haikuwa sauti yake.

"Nisage kidogo kidogo," nilimwambia, "halafu tupime. Usinifanye kama stuli ya Mama."

Mama alikuwa amekuja mbio aliposikia kelele, mikono ikiwa na unga. Alisimama mlangoni.

"Nani alikwambia nitakusaga?" Baba aliuliza.

"Wewe."

"Mimi? Lini?"

"Kila siku. Mguu mfupi hauna kosa. Mwenye kosa ni mrefu." Nikamwonyesha kisigino. "Na ukanichora."

Baba aliketi kwenye vumbi, akaushika ule mguu wangu wa kulia kwa mikono yote miwili, akawa anaufuta mstari kwa kidole gumba, polepole, na haukuwa ukifutika.

"Baba Wanja," Mama alisema, "mjibu mtoto."

"Hiyo ni ya mbao, mama," alisema hatimaye. "Mbao hupunguzwa. Mtu huongezwa."

Mama akaanza kucheka, kisha kicheko chake kikageuka kitu kingine, akaficha uso kwa lesso. Baba yeye hakucheka. Alichukua kile alichokuwa akikitafuta kwenye rundo, nacho kilikuwa kipande cha muringa, mti mwepesi alioagiza kutoka Manyatta kwa ajili ya mguu wangu mfupi. Akarudisha waya. Akaniambia nilegeze nati mwenyewe, niinamishe kimeza hadi atakaposema, nikaze. Kisha akanikalisha kati ya magoti yake, mikono yangu juu ya mbao, mikono yake juu ya yangu, na tukasukuma pamoja kuelekea msasa. Ndipo ilipotoka ile harufu ya mahindi na mzinga. Vumbi lilikuwa la rangi ya chai ya maziwa, likatujaa kope zote, tukawa kama vizee wawili.

Kwa sababu kimeza hakikudanganya, kipande kile kikawa kinene upande wa kisigino, kikashuka taratibu kuelekea vidoleni, na hakikuinama ndani wala nje. Akakibandika chini ya kiatu changu cha shule kwa gundi na misumari midogo, akapiga raba ya tairi chini yake. Kisha akanisimamisha kwenye slabu. Akarudi nyuma hatua moja, akafumba jicho moja. Akaja, akanigusa begani kwa kidole kimoja.

Sikucheza.

Kesho yake nilitembea kutoka sokoni hadi kanisani na tawi langu. Ni mwendo ambao mbuzi mvivu huumaliza bila kujua, ila mimi mpaka leo ninausimulia kama waliovuka jangwa. Njeru alikuwa mbele. Aligeuka, akanitazama miguu yote miwili, akasema, "Enyewe mzigo umeshuka," na nikamwambia, "Sogea mbele, unanizuia." Kando ya njia Baba aliisukuma baiskeli yake na keria tupu, akitembea sambamba nami njia nzima, hataki kupanda.

Watu waliiita mashine ile grainda ya fundi, na walikuja na kazi kutoka kila pembe. Baba hakuwahi kujua kuhesabu pembe kwa digrii. Kila aliponitengenezea kiatu kipya alikwaruza alama kwa msumari kwenye kile chuma cha karai, mahali nati ilipokazwa, na kila alama ilikuwa na jina lake kichwani mwake: Matawi, Darasa la Tatu, Mwaka wa Njaa, Harusi. Nilipoingia shule ya jioni nikiwa mama wa watoto watatu, mwalimu wa hesabu akatuchorea pembe ubaoni akauliza nani anaelewa, nilitaka kumwambia mwalimu, mimi hizo nimezivaa.

Sasa ile kazi ndogo. Baba aliteleza mwaka jana, akavunjika nyonga. Imepona, lakini imepona ikiwa fupi, na mguu wake wa kushoto sasa umepungua kama wangu. Mikono yake inatetemeka, haiwezi tena kukaribia kisahani. Kwa hiyo juma lililopita nilienda Kiritiri na kipande cha muringa, nikamweka kwenye stuli mlangoni, nikawasha mashine yake mwenyewe. Nilipoinuka pale chini nilipokuwa nimeketi nikishika kisigino, nilimaliza kiatu, nikamvisha, nikamsimamisha kwenye ile slabu. Nikafumba jicho moja. Nikamgusa begani kwa kidole.

Alicheza kidogo sana. Mtu mwingine asingeona, lakini sisi wawili tuliona.

"Bado," alisema. Akatazama kiatu, akatazama mashine, kisha akaunyoosha mguu wake mzima wa kulia mbele yangu, uso mkavu kabisa. "Ama tupunguze huu, mama? Kidogo kidogo, halafu tupime."

"Hiyo ni ya mbao, Baba," nikamwambia, nikarudi kulegeza nati.